Mashine Kuukuu, Mfumo Mpya: Historia Fupi Kutoka Nyamasaria



Juzi nilipita Nyamasaria, pale barabara ya Nairobi inapokaribia mji wa Kisumu, nikaitwa na mama mmoja mwenye kibanda cha kutaipu na kupiga fotokopi. "Fundi, njoo uone. Mashine inaniambia muda wake umeisha. Sasa niitupe?" Kwenye skrini kulikuwa na ujumbe kuhusu Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ajabu ni kwamba mashine yenyewe ilikuwa inafanya kazi kama jana, na wateja watatu walikuwa kwenye benchi wanangoja.

Swali la mama huyu nimelisikia kwa zaidi ya miaka 20, na kila mara jibu limekuwa tofauti. Leo naomba tuipitie historia hiyo, kwa sababu mtu asiyejua shida imetoka wapi huishia kununua asichohitaji, au kubaki na kitu kinachomhatarisha.

Kutoka 98 hadi XP: vita vya RAM

Tuanze na Windows 98, iliyotoka Juni 1998. Kompyuta nyingi zilizotufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa mitumba: zimetumika kwenye ofisi za ng'ambo, zikauzwa, zikateremshwa Mombasa. Windows 98 ilidai RAM ya megabaiti 16 tu, kwa hiyo zilitosha. Oktoba 2001 ikaja Windows XP. Hii ilitaka megabaiti 64 kwa uchache, na Microsoft wenyewe walipendekeza 128. Kwenye 64 iliwaka, ndiyo, lakini ukifungua Word ungeweza kwenda kunywa chai na kurudi.

Mbona basi watu walihama? Sababu moja kubwa kwa wenye vibanda ilikuwa flashi. Windows 98 ilitaka uiwekee dereva kabla ya kuitambua flashi ya mteja, na flashi ya aina nyingine ilitaka dereva nyingine. XP ilizitambua mara tu ukizichomeka. Mwenye kibanda anayepokea flashi 10 kwa siku hakuhitaji kushawishiwa zaidi.

Kazi ya fundi siku hizo ilikuwa kutafuta RAM. Unafungua mashine mbili zilizokufa, unachomoa kijiti hapa na kingine pale, unapata moja iliyo hai. Kikwazo kilikuwa kitu cha kushika mkononi, na fundi aliweza kukiondoa.

Nami nilifanya makosa yangu. Mwaka wa 2005 nilimwekea jirani XP, nikafuta diski nzima bila kumwuliza kilichokuwemo. Mlikuwa na kumbukumbu za mikutano ya chama chao za miaka mitatu. Mashine ilienda kasi kweli, lakini sikulipwa, na nilistahili kutolipwa.

Viraka visivyofika

Kitu ambacho wengi wetu hatukukielewa wakati ule ni kwamba mfumo endeshi haununuliwi mara moja ukaisha. Unahitaji viraka. Agosti 2004 Microsoft walitoa furushi kubwa la viraka vya XP liitwalo Service Pack 2, ambalo pamoja na mengine liliwasha ukuta wa kinga bila mtu kuombwa. Furushi kamili lilikuwa takriban megabaiti 266. Piga hesabu: kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ikienda kwa kasi yake yote, hiyo ni zaidi ya saa 10 bila laini kukatika na bila stima kupotea. Nani angelipia simu ya saa 10? Tulisubiri mtu aje nalo kwenye CD kutoka Nairobi.

Halafu kulikuwa na jambo la leseni. XP nyingi mtaani zilikuwa nakala za CD ya mtu fulani aliyeipata kwa mtu fulani. Mwaka wa 2005 Microsoft walianza kukagua uhalali wa nakala kabla ya kukuruhusu kupakua baadhi ya vitu, na baadaye mashine zikaanza kuonyesha onyo kwamba nakala si halali. Viraka muhimu vya usalama bado vilipatikana kwa njia ya masasisho ya moja kwa moja hata kwa nakala hizo. Lakini mafundi, wakitaka kumwondolea mteja lile onyo, walizima masasisho yote. Walilikimbia onyo, wakakosa na viraka.

Matokeo yalionekana mwishoni mwa 2008. Tarehe 23 Oktoba mwaka huo Microsoft walitoa kiraka cha tundu baya katika Windows. Novemba kikatokea kirusi kinachoitwa Conficker, kikipita katika tundu lilelile. Aina zilizofuata zilijifunza kusafiri kwa flashi pia. Kwa hiyo hata mashine isiyo na intaneti haikupona: ile flashi iliyotufanya tuhamie XP ndiyo iliyoleta ugonjwa. Kiraka kilikuwepo kabla ya kirusi, ila hakikufika.

CD kwenye sanduku la posta

Njia nyingine ilikuwepo. Oktoba 2004 ilitoka Ubuntu, mfumo huria uliotokana na Debian, chini ya kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kwa miaka kadhaa, hadi Aprili 2011, walituma CD duniani kote bila malipo. Unaandika anwani yako, unangoja wiki kadhaa, bahasha inakuja kwenye sanduku lako la posta. Kwa sisi ambao kupakua megabaiti 700 kulikuwa ndoto, hiyo ilikuwa habari njema. Desemba hiyohiyo ya 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilikuwa kimetoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Kwa nini basi Linux haikujaa mitaani? Watu husema ni ugumu wake. Mimi nilichokiona ni kingine. Modemu nyingi za ndani zilitegemea programu ya Windows kufanya nusu ya kazi yao, kwa hiyo Linux haikuzipata. Na kwa sababu za leseni, Ubuntu ilikuja bila uwezo wa kupiga MP3. Ungeuongeza kwa intaneti, lakini modemu haionekani! Ukimwekea mtu mfumo usiocheza benga yake, kesho yake anaurudisha.

Nyaya za bahari na mwisho wa XP

Vista ilifika madukani Januari 2007 ikidai megabaiti 512, mara nane ya XP. Mashine za mitaa yetu zikabaki nyuma. Wengi waliiruka wakangoja Windows 7, ya Oktoba 2009, iliyodai gigabaiti 1. Mwaka huohuo wa 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na polepole kupakua viraka kukawa jambo la kawaida hata huku ziwani.

XP ilikatiwa msaada tarehe 8 Aprili 2014. Wengi hawakutikisika, kwa sababu asubuhi ya tarehe 9 mashine iliwaka kama kawaida. Kisha Mei 2017 kikaja WannaCry, kilichofunga mafaili na kudai fidia. Watu walisema ni laana ya XP, lakini sehemu kubwa ya mashine zilizoathirika ilikuwa na Windows 7, ambayo bado ilikuwa na msaada, na kiraka chake kilikuwa kimetolewa Machi. Somo ni lile la 2008: jina la toleo halikulindi, kiraka kilichowekwa ndicho kinachokulinda.

Mara hii fundi hana kijiti cha RAM

Windows 10 ya Julai 2015 ilikuwa na huruma: ilidai RAM ileile ya Windows 7, na kwa mwaka mmoja wenye 7 na 8.1 waliipata bure. Windows 11, ya Oktoba 2021, ndiyo iliyobadilisha mchezo. Gigabaiti 4 za RAM si neno, fundi atazipata. Lakini inadai pia chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inakubali karibu tu za kizazi cha nane kwenda mbele, yaani kuanzia 2017. Mashine ya mama wa Nyamasaria ni ya kizazi cha tatu. Inafungua kila kitu anachohitaji, ila imeandikwa nje ya orodha.

Hata hivyo nilimwambia asidhani kwamba upande wa huria hakuna mwisho. Debian 13, ya Agosti 2025, iliacha kutoa kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Zile Pentium III zetu sasa zimefungiwa mlango huko pia.

Kwake yeye jambo la kupima ni wateja. Watu huja hapo kufungua eCitizen, HELB na KRA. Namba za vitambulisho na nywila zao zinapita kwenye kibodi yake. Tundu likiachwa wazi, atakayeibiwa ni yule kijana kwenye benchi, na hatajua ilitokea wapi.

Microsoft waliweka nyongeza ya viraka kwa watu binafsi hadi 13 Oktoba 2026. Mama hakutaka kurudi kwenye swali hilohilo baada ya muda mfupi. Basi tulinakili mafaili yote kwanza, kwenye diski mbili. Kisha tukawasha Linux Mint 22 kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, tukajaribu printa, skana na barua za wateja. Vyote vilikubali, skana kwa kubembelezwa. Fomu za Excel zenye makro zilikataa, kwa hiyo tuliacha Windows kwenye sehemu ya diski kwa kazi hiyo moja, bila intaneti. Mengine yote ni Mint.

Alipokuwa ananilipa akauliza, "Na hii nayo itaisha lini?"

"2029, mama."

Akachukua kalamu, akauandika mwaka huo kwa wino mwekundu ubavuni mwa mashine, akamwita mteja wa kwanza.

Haya, hadi siku nyingine.