Makroinvertebrata si wadudu wa majini

Ripoti za uchunguzi wa mito zina neno moja gumu, makroinvertebrata, na tafsiri yake ya kawaida, "viumbe wakubwa wasio na uti wa mgongo", inazidi kulitia giza. Humo wamo konokono, kaa, ruba, minyoo na mabuu ya kereng'ende. Mnyama wa milimita 5 ni mkubwa kwa nani? Kwa aliyezoea hadubini peke yake. Mpaka wa ukubwa huo umewekwa na wavu. Katika SASS, kipimo cha Afrika Kusini kilichozaa TARISS ya Tanzania iliyochapishwa na Lulu Kaaya na wenzake mwaka 2015, wavu una matundu ya milimita 1. Mtafiti huingia mtoni, hukinga wavu upande maji yanakoelekea, kisha huyavuruga mawe kwa miguu ili mkondo uwasombe waliojificha chini yake. Wanaonaswa humwagwa kwenye sinia jeupe na kutambuliwa kwa macho. Kwa kuwa anayesoma yuko ukingoni, si maabarani, napendekeza "wanyama wadogo wa mtoni".

Wengi watasema "wadudu wa majini" inatosha, tena Kiswahili cha mitaani humwita mdudu hata mnyoo. Ni kweli, lakini Kiswahili hichohicho, kuanzia zahanati hadi matangazo ya sabuni, huita vimelea vya maradhi wadudu. Mwambie mwanakijiji kwamba mto wake una wadudu wa kila aina, naye atachemsha maji au atahamia kisimani. Kumbe matokeo yalikuwa ya kumpongeza! SASS hulipa kila kundi la wanyama, aghalabu familia, alama kuanzia 1 hadi 15: minyoo na viluwiluwi vya mbu, wanaovumilia maji machafu, hupata 1, na mabuu yanayohitaji maji safi yenye oksijeni nyingi hupata zaidi ya 10. Jumla hugawanywa kwa idadi ya makundi ili kupata wastani. Kuna sababu ya kuwategemea wanyama hawa: sampuli ya kemikali hueleza maji ya saa ile yalipotekwa, na samaki aweza kuikimbia sumu. Buu lililong'ang'ania jiwe kwa wiki kadhaa limepitiwa na kila kilichomwagwa huko juu. Jina linalogeuza habari njema kuwa ya kutisha halifai, hata likiwa limezoeleka.

Pingamizi lenye uzito ni jingine: vifaranga vya samaki na viluwiluwi vya vyura nao ni wanyama wadogo wa mtoni, ilhali wana uti wa mgongo. Hapo ufafanuzi uandikwe mara ya kwanza neno linapotajwa, "wasio na uti wa mgongo", kisha ufupisho uendelee. Kwenye majedwali ya kulinganisha mito ya nchi mbalimbali, makroinvertebrata ibaki. Muhtasari unaopelekwa kwa jumuiya za watumia maji, ambazo husimamia ugawaji wa maji kwa wanachama wao, utumie wanyama wadogo wa mtoni.