Nani Aliyekwenda?

Novemba 1861, Speke na Grant waliingia Karagwe, ufalme wa Rumanyika, katika nchi ambayo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa. Januari 1862 Speke alikwenda Buganda: yeye ni mtenda, Karagwe chanzo, Buganda kikomo. Grant, mgonjwa wa mguu, alibaki kwa mfalme hadi Aprili. Tukisema "Grant alitoka Karagwe", twamfanya mwendaji. Kumbe alichukuliwa na Waganda kwa machela. Likiondolewa neno "na Waganda", sentensi husimama sawasawa, lakini waliobeba mzigo hutoweka. Basi kila kitenzi cha mwendo katika historia na kiulizwe: nani alikwenda, nani alipelekwa, na kwa mabega ya nani?