Mifuniko ya Chemba Inayowasafirisha Watu Japani

Ibusuki ni mji mdogo wa pwani, kusini kabisa mwa kisiwa cha Kyushu nchini Japani. Kwa muda mrefu wageni wamekuwa wakienda huko kufukiwa ufukweni katika mchanga unaopashwa moto na maji yanayochemka ardhini. Desemba 2018 mji huo ulipata kivutio kingine: mifuniko 9 ya chemba za barabarani, kila mmoja ukiwa na mchoro wa Eevee, kiumbe wa katuni za Pokémon, au wa mmoja wa viumbe wanane ambao Eevee anaweza kugeuka na kuwa. Tangu hapo wapo wanaofunga safari hadi Ibusuki si kwa ajili ya mchanga, bali kutembea mitaani macho chini wakitafuta chuma kilichochorwa.

Mashabiki wa mifuniko hiyo wanatoka nchi nyingi, na wengi waliingia kwa mlango wa katuni. Lakini mambo haya hayakuanza na katuni. Yalianza na majitaka, kodi, na hoja ya ofisa mmoja wa serikali.

Mitaro ya kisasa ya majitaka ilianza kujengwa Japani katika karne ya 19. Yokohama ilitangulia, na mwaka 1884 Tokyo ikaanza kujenga mtaro wa matofali katika eneo la Kanda. Mifuniko iliyofuata ilikuwa ya chuma, yenye mistari na vijiumbo vya kujirudia, kwa kazi moja tu: kuzuia miguu na magurudumu yasiteleze. Mfuniko wa mji huu haukuwa na tofauti kubwa na wa mji ule.

Hadi miaka ya 1980 miji mikubwa ilikuwa imeunganishwa, ila zaidi ya nusu ya Wajapani walikuwa bado hawajafikiwa na mtandao wa majitaka. Waliobaki waliishi zaidi katika miji midogo na vijijini, na huko ndiko ugumu ulikokuwa. Mradi wa majitaka hula fedha nyingi, huchimbua barabara kwa miezi, kisha kila kitu hufukiwa. Mwananchi anaombwa alipie kitu ambacho hatakiona kamwe.

Mwaka 1985 Yasutake Kameda, ofisa wa Wizara ya Ujenzi, alipendekeza kwamba kila halmashauri ibuni mchoro wake na kuuweka kwenye mfuniko, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu pekee ya mtandao mzima inayoonekana. Mfano ulikuwapo tayari: Naha, mji mkuu wa Okinawa, ulikuwa umeweka mifuniko yenye kundi la samaki mwaka 1977. Halmashauri zililipokea wazo hilo na zikaanza kushindana. Osaka ikachora ngome yake na maua ya mcheri. Hakodate, mji wa wavuvi huko Hokkaido, ukachora ngisi. Leo nchi hiyo ina halmashauri zipatazo 1,700, na karibu kila moja ina mchoro wake.

Utengenezaji wa mifuniko hii unastahili kutazamwa kwa karibu. Chuma kilichoyeyushwa humiminwa katika kalibu ya mchanga, na mchoro hutoka ukiwa na kuta nyembamba zilizoinuka na vishimo katikati yake. Mifuniko ya rangi hupelekwa kwa mafundi, ambao hujaza resini ya rangi katika kila kishimo, rangi moja baada ya nyingine, na zile kuta za chuma huzuia nyekundu isiingie kwenye buluu. Ndiyo maana michoro hii ina mistari minene: mstari mwembamba mno hauwezi kusubiwa. Mchoraji hana budi pia kukumbuka kwamba malori yatapita juu ya kazi yake, na kwamba siku ya mvua mtu hatakiwi kuteleza juu ya uso wa shujaa wake. Kwa kuwa rangi huongeza gharama, mara nyingi mifuniko ya rangi huwekwa sehemu chache zenye watu wengi, na mchoro uleule hubaki chuma kitupu katika mitaa mingine.

Wahusika wa katuni waliingia kupitia fahari ya nyumbani. Sakaiminato, alikokulia mchoraji Shigeru Mizuki, iliweka Kitaro, mtoto wa mizimwi ambaye baba yake ni jicho lenye mikono na miguu. Hokuei, alikozaliwa mchoraji Gosho Aoyama, iliweka mhusika wake, mpelelezi Conan. Mwaka 2021 Odawara, alikozaliwa Yoshiyuki Tomino, ikapata mifuniko ya Gundam, roboti aliyoibuni yeye.

Pokémon walikuja kwa njia nyingine. Kampuni yao huzipa halmashauri mifuniko hiyo kama zawadi, na hakuna miwili inayofanana nchi nzima. Sasa imeshapita 300, na mingi imewekwa mahali ambapo mtalii wa kawaida asingefika. Hokkaido ina Vulpix. Miyagi, mkoa uliopigwa na tsunami Machi 2011, ulipewa Lapras, kiumbe mpole anayewabeba watu mgongoni na kuwavusha bahari. Ukitazama mfuniko wa Lapras katika mji wa pwani uliojengwa upya, unaelewa kwamba mchoro wa watoto unaweza kubeba jambo zito bila kulipunguzia uzito.

Kwa msafiri anayetaka kuanza, ushauri wangu ni kwamba asiishie kwa Pokémon. Mwaka 2016 wadau wa sekta ya majitaka walianza kutoa kadi za mifuniko. Upande mmoja una picha ya mfuniko na latitudo na longitudo ya mahali ulipo. Upande wa pili unaeleza asili ya mchoro. Kadi ni bure, lakini haitumwi kwa posta: lazima ufike mwenyewe, na kila mtu hupewa moja. Baadhi hutolewa katika ofisi za utalii, nyingine katika mitambo ya kusafisha majitaka yenyewe. Hivyo mtu aliyetoka kwao kutafuta picha hujikuta akizungumza na mhudumu wa mtambo ambao watalii hawana kawaida ya kuutembelea.

Naliona hilo kuwa ndilo fanikio kubwa la wazo la 1985. Kameda alitaka wananchi waikubali kazi inayofanyika chini ya miguu yao, na halmashauri hazikuwajibu kwa mabango wala hotuba. Ziliweka juu ya kazi hiyo kile ambacho kila mji unakipenda, iwe ngisi, ngome au mtoto wa mizimwi. Huduma ya umma ikionyeshwa kwa heshima namna hiyo, watu huitunza, na wageni huvuka bahari kuja kuiangalia.