Neno la Wiki: Sajili

Sebuleni Saza, mkoani Songwe, kijana kashika pedi ya PlayStation. Hachezi mechi, anauza beki, anapanga mishahara. Ghafla anapaza sauti: “Nimemsajili!”

Kwa asili, kusajili si kununua. Neno lina mzizi wa Kiarabu: sijill ni daftari la kumbukumbu, na kusajili ni kuandikisha humo. Ndiyo maana tuna Msajili wa Vyama vya Siasa, naye hanunui chama. Soka imelipanua neno: kwa mashabiki wa Simba na Yanga, usajili ni mapatano, fedha na picha ya jezi mpya. Hata hivyo daftari halijafutika: mchezaji aliyelipiwa, jina lake lisipokuwemo, hachezi. Kwenye gemu, daftari ni kitufe kimoja tu.