Kigawo na kigawe: Irabu moja yenye historia ndefu

NILIPOKUWA shule ya msingi, mwalimu wetu wa hesabu aliandika vifupisho vya Kiingereza ubaoni nasi tukavikariri kama kasuku. Majibu tuliyapata; maana ilitupita. Miaka mingi baadaye nilifungua kitabu cha hesabu cha Tanzania, nikakutana na maneno mawili: kigawo na kigawe. Kumbe!

Hebu tuyatazame. Yote mawili yametokana na kitenzi 'gawa'. Kiishio -o aghalabu huunda jina la kitu cha kutendea: ziba hutupa kizibo, funika hutupa kifuniko. Basi kigawo ni kile kinachogawa. Kiishio -e nacho humtaja mtendwa: aliyetumwa ni mtume, aliyeteuliwa ni mteule, kilichoumbwa ni kiumbe. Kigawe, basi, ni kile kinachogawanywa.

Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, kwa kuwa huigawa bila baki. Vigawe vyake ni 12, 24, 36 na kuendelea, kwa kuwa 12 huvigawa. Tukichukua 12 na 18, kigawo kikubwa cha shirika ni 6, na kigawe kidogo cha shirika ni 36. Shirika hapa ni kule kushirikiana tu, hakuna fumbo.

Istilahi hizi zilipata uwanja mpana baada ya 1967. Mwaka huo, kufuatia Azimio la Arusha na sera ya Elimu ya Kujitegemea, Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia shule za msingi. Baraza la Kiswahili, BAKITA, liliundwa mwaka uo huo. Mwalimu hakuwa na budi kuwa na maneno. Mengine yalichotwa katika Kiarabu: witiri (1, 3, 5) na shufwa (2, 4, 6). Mwislamu anayeswali witiri usiku anaijua maana hiyo tayari. Nazo 2, 3, 5 na 7, zisizogawika ila kwa moja na kwa zenyewe, zikaitwa namba tasa.

Kwetu Kenya mambo yalikwenda kombo. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulikifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa, lakini hesabu ikabaki kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 imekifanya lugha rasmi. Darasa la hesabu bado halijasikia.

Wapo watakaosema, "Si mtihani uko kwa Kiingereza?" Ni kweli. Lakini mtihani hupima kilichoeleweka, na kueleweka hakuna lugha moja. Mtoto anayegawa maembe na nduguze nyumbani anajua kugawa. Mwalimu akimwambia mara moja tu kwamba kigawo hugawa na kigawe hugawanywa, atakuwa amempa ufunguo wa mlango ambao sisi tuliupita tukiukariri.