Adui Asiye na Mbiu

Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliyefanya kazi katika hospitali ya Kisii, magharibi mwa Kenya, alichapisha taarifa juu ya shinikizo la damu. Katika muda wa miaka miwili wagonjwa wapatao 1,800 walilazwa hospitalini humo, wala hakuonekana hata mmoja mwenye maradhi hayo. Tena, alipowapima wanaume wapatao 1,000, aliona kuwa shinikizo lao halikupanda kwa kadiri ya umri, kama ilivyo kwa Wazungu.

Ilikuwa rahisi kwa msomaji wa taarifa hiyo kudhani kwamba Mwafrika amezaliwa na kinga. Dhana hiyo ilivunjwa na askari.

Katika miaka ya 1960, Dakta Gerald Shaper wa Makerere, Uganda, aliwachunguza Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya, wafugaji waliokuwa wakihamahama na ambao chakula chao kikuu kilikuwa maziwa. Shinikizo lao lilikuwa la chini, wazee kwa vijana. Kisha yeye na wenzake wakawachunguza morani waliojiunga na Jeshi la Kenya, na mwaka 1969 wakatangaza matokeo: baada ya kuishi kambini, shinikizo la damu la vijana hao lilipanda.

Kabila lilikuwa lile lile na damu ile ile. Wala hawakuwa wazee au wavivu. Kilichogeuka ni maisha: waliacha maziwa ya malishoni, wakala posho ya jeshi iliyokuwa na chumvi nyingi kuliko waliyoizoea.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 1990, uliwahusu Wajaluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini. Nao shinikizo lao lilipanda katika miezi michache tu, na chumvi katika mkojo wao ikazidi.

Basi funzo la nchi jirani ni wazi. Maradhi haya hayachagui kabila, na gwaride peke yake si ngao. Moyo unaposukuma damu kwa nguvu ipitayo kiasi, mishipa huchakaa pole pole, na mwishowe hudhurika ubongo, figo, macho na moyo wenyewe. Mara nyingi mgonjwa hasikii maumivu yoyote. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, lakini adui huyu hapigi mbiu. Hugunduliwa kwa kipimo tu, na kipimo kikionyesha mara kwa mara 140 kwa 90 au zaidi, hapo pana hatari.

Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha tiwa jikoni. Tumbaku iachwe, pombe ipunguzwe. Na aliyepewa dawa asiiache kwa kuwa anajiona mzima, kwani huenda uzima huo umeletwa na dawa yenyewe. Askari hukagua silaha yake kabla haijaharibika. Mwili wake nao wastahili ukaguzi huo huo.