Waliotangulia Mlimani Kilimanjaro

Wasikilizaji wetu, leo twataka kufuatana nanyi mpaka Marangu, chini ya mlima Kilimanjaro. Atokaye Moshi kwenda huko hupita katikati ya migomba na mibuni, na mifereji midogo ya maji humfuata kando ya njia. Mifereji hiyo, iitwayo mifongo, haikujifanya yenyewe. Wazee wa Kichaga waliichimba zamani sana, ili maji ya mlimani yateremke mpaka vihambani mwao. Basi mgeni, kabla hajainua macho kuitazama theluji, na atazame kwanza miguuni pake. Hapo ndipo ilipo kazi ya watu waliotangulia kuifungua nchi hii.

Tukiuliza, Ni nani aliyetangulia kuuona mlima huu? wengi watajibu, Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, aliyeuona tarehe 11 Mei 1848. Ni kweli kwamba yeye ndiye Mzungu wa kwanza aliyeandika habari za theluji yake. Lakini hakuja peke yake. Aliongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyeijua njia ya bara. Rebmann alipouliza ule weupe wa kileleni ni kitu gani, alijibiwa kuwa ni baridi. Jibu hilo lilikuwa na maana kuliko maneno ya mabingwa wa Ulaya, kwani baadhi yao, kama Cooley wa Uingereza, walikataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta.

Tena Rebmann alisimuliwa habari ya Rungua, Mangi wa Machame, ambaye zamani alituma watu juu wakautazame ule weupe, kwa kuwa ulidhaniwa kuwa ni fedha. Katika watu hao alirudi mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Huyo naye alitangulia, wala hakuwa na viatu wala blanketi nzito.

Baadaye walikuja wengine. Von der Decken alipanda mwaka 1862, akafika kadiri ya futi 14,000. Charles New aliigusa theluji mwaka 1871. Mwisho Hans Meyer, Mjerumani, pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Siku zile Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani asiyezoea baridi, alikuwa kambini juu mlimani, akiwapikia na kuwalindia hema. Kama asingalikaa, wangalirudi kwa nani?

Siku hizi njia ni nyepesi zaidi. Apandaye kwa njia ya Marangu hupita msituni penye mbega, kisha hulala katika nyumba za Mandara na za Horombo, halafu Kibo, ndipo usiku hukwea mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895. Zamani nyumba hizo mbili za kwanza ziliitwa kwa majina ya Wajerumani, Bismarck na Peters. Sasa zina majina ya Mangi Mandara wa Moshi na Mangi Horombo wa Keni. Hata hivyo mgeni hapandi bila kiongozi, na mizigo yake ingali juu ya vichwa vya wapagazi.

Ndugu zetu, fikirini jambo hili. Bwana Kheri, Sabaya na Mwini Amani twawajua kwa sababu moja tu: wageni waliandika majina yao. Wale waliochimba mifongo, ambao kazi yao ingali ikinywesha migomba, hawakupata mtu wa kuwaandika. Tangu mwaka 1912 barafu ya Kibo imepungua zaidi ya sehemu nane katika kumi. Na kumbukumbu za wazee nazo huyeyuka vivyo hivyo, kila azikwapo mzee mmoja.

Kwa hiyo, ninyi wanafunzi, jioni hii mwendeeni babu au bibi na daftari mkononi. Mwulizeni, Ni nani aliyechimba mfereji wetu? Ni nani aliyetangulia kukata msitu huu? Kisha andikeni jina lile kabla halijasahauliwa.